Mteja wa Kitanda

Futi ya fundi vitanda ilianza kujivuta yenyewe siku ya Jumatatu, mchana kweupe, karakanani hamna mtu mwingine. Ni ile futi ya chuma inayojikunja ndani ya kibweta chake. Krrrr, ikasikika ikivutwa taratibu kule nyuma, kisha ikaachiwa: tap! Fundi akageuka. Futi yake ilikuwa kiunoni, imetulia. Akajicheka.

"Njaa hii," akasema, akaendelea kupiga randa.

Haikuwa njaa, na yeye alijua, ila mwanaume ana kipaji cha kujidanganya. Kule nyuma, chini ya turubai, kulikuwa na kitanda ambacho mwenyewe hajaja kukichukua, mwezi wa tatu sasa.

Aliyekiagiza alikuwa mwanamke mrefu, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi, ananukia waridi mpaka harufu ya mbao ikapotea. Alipoulizwa kipimo alisema, "Kipimo chako kitanitosha." Kitanda kilipokamilika akamwambia, "Lala kidogo, nione kama kinakuenea."

Sasa, mzee aliyemfundisha kazi alimwachia mwiko mmoja tu: kitanda cha mteja unakijaribu kwa kiganja, hulali juu yake kabla ya mwenyewe. Fundi aliukumbuka. Lakini mteja kaomba, tena kaomba kwa sauti nzuri, yeye ni nani akatae? Akalala. Mwanamke akaichomoa futi kiunoni mwa fundi, akaivuta toka kisiginoni hadi utosini. Krrrr.

"Kinakuenea," akasema. "Nitakifuata."

Tangu siku ile, jogoo akagoma kupanda mtungi.

Mwanzoni mkewe alichukulia utani. "Mbao zimekumaliza, baba watoto. Lala." Wiki ya tatu akaacha utani. Mwezi wa pili akaanza kunusa kola za mashati.

"Seremala gani ananukia waridi?"

"Haki ya Mungu sina mtu."

"Kama huna mtu, mbona nyumbani unafika mtupu?"

Akavua shati, akalitupa kwenye beseni. Bora aitwe mhuni, alijiambia, kuliko aseme hawezi. Jamani, wanaume! Akanunua unga kwa muuza dawa wa barabarani, aliyemwapia kwamba hilo ni jini mahaba na unga ule utalitoa mbio. Kilichokwenda mbio ni moyo wake, na kichwa kikamgonga kutwa nzima. Mkewe akachukua watoto wawili akaenda kwa kaka yake.

"Nakupa mpaka Jumamosi," alisema mlangoni. "Una la kuniambia, niambie. Una mtu, nijue moja. Mimi kukaa na kivuli cha mume siwezi."

Aliogopa kumpoteza zaidi kuliko alivyoogopa aibu, ndipo akaenda hospitali. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imeteremka puani. Fundi alikuwa amemwomba Mungu daktari awe mwanaume.

"Shida nini, baba?"

"Mgongo."

"Mgongo tu?"

"Na... mbele ya mgongo."

Daktari hakucheka. "Mficha uchi hazai. Sema."

Akasema. Akapimwa presha na sukari, akaulizwa sigara, pombe, usingizi, na kama anatumia dawa yoyote ya moyo. Kwa ule unga alifokewa hasa. "Mle ndani watu husaga vidonge wasivyovijua. Ungekuwa na moyo mbovu tungekuzika!" Sukari ilikuwa imepanda kidogo, apunguze vitamu, atembee, arudi kupimwa.

"Tatizo hili wanalo wengi, wanalificha tu kama wewe," akasema, sauti imelainika. "Lina dawa. Kuna vidonge. Vikishindwa kuna pampu, kuna sindano. Niambie, ukiamka asubuhi, inasimama?"

"Kila siku."

"Basi mishipa inafanya kazi. Kinachokushinda zaidi ni hofu. Kuna jingine?"

Lilikuwepo. Kweli aliamka hivyo kila alfajiri, lakini mto wa pili huwa una joto na unanukia waridi, na mkewe hayupo nyumbani siku kadhaa sasa. Alitazama kalamu ya daktari. Baada ya kuvua yote, hili akalificha.

"Hakuna," akasema.

"Haya. Kidonge kimoja, saa moja kabla. Hakileti hamu chenyewe, hamu mtaileta wenyewe. Na mkeo mweleze ukweli, hiyo ni nusu ya dawa."

Alimpigia simu akiwa bado kwenye benchi la hospitali. "Mke wangu, sina mwanamke. Naumwa. Naumwa huko... unajua." Upande wa pili kilio kikapasuka.

"Mwanaume wewe! Miezi mitatu najiona mimi ndiye mbovu! Ungesema tu." Akavuta kamasi. "Jumamosi saa tisa nakuja. Peke yangu. Lakini nikukute na uongo mwingine, hunioni tena."

Jumamosi saa nane mchana fundi alimeza kidonge, akatia komeo mlango wa mbele, akashusha pazia la chumbani, akajinyoosha kitandani kwake huku moyo unamdunda kama bwana harusi. Usingizi ukamwiba. Alipozinduka mkewe alikuwa tayari amekaa ukingoni, anavua mtandio, ananukia ile sabuni yake ya siku zote. "Umewahi," fundi akamwambia. Hakujibu, akalala kando yake. Na safari hii mwili haukumsaliti, jamani, haukumsaliti hata kidogo, hata fundi akalia kwa furaha, uso kwenye nywele zake, akisema asante, asante kwa kurudi.

Ngo, ngo, ngo.

"Baba watoto! Fungua, ni mimi. Mbona umetia komeo?"

Fundi akakodoa macho. Komeo alilitia mwenyewe kwa mkono wake, sasa akakumbuka, na hakumfungulia mtu yeyote, na sauti ile nje ilikuwa ya mkewe bila shaka yoyote, imejaa kicheko ambacho hakukisikia miezi mitatu, na harufu ya sabuni kwenye mto ilikuwa inayeyuka na chini yake waridi linapanda, linamjaa puani, linamjaa kooni, akataka kupiga kelele lakini ulimi ukawa mzito, akataka kuinuka lakini mwili ukalala pale pale, umenyooka, huku nyuma ya mgongo wake kitu cha chuma, baridi, kikigusa kisigino na kupanda polepole, krrrr, paja, kiuno, shingo, mpaka utosini.

Tap.

"Baba watoto? Unaumwa? Nijibu basi!"

Akajibiwa. Sauti ya kike, nzuri, ya mtu mwenye adabu zake, ilipita juu ya bega la fundi kuelekea mlangoni.

"Karibu, dada. Subiri kidogo, ndiyo kwanza amelala."

Kisha fundi akasikia viatu vya mkewe vikishuka ngazi za baraza, polepole kwanza, halafu mbio.