Shahidi Aliyekataa

Kila alasiri Sindano akitoka shule alipitia dukani kwa baba yake, fundi cherehani, akaketi kupinda suruali na kushona vifungo. Jina hilo walimpa nyumbani kwa sababu ya ulimi wake, si ushonaji wake. Dada yake mkubwa alishona magauni karibu na dirisha. Kaka yao alipokea wateja, mara nyingi huku anasinzia.

Siku moja alimkuta mwalimu wa madrasa dukani, na karatasi imetandazwa juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Mwanangu, nipe kalamu," baba alisema. "Duka na vyerehani vyote vitatu namwandikia kaka yako leo. Mwalimu ndiye shahidi."

"Na sisi je?"

"Ninyi mtaolewa. Nikifa sijaandika, mtarithi, na jasho langu litahamia kwa waume zenu."

Sindano aliikamata kalamu, asiitoe. "Jasho lako, baba? Ulipovunjika mkono, nani aliacha shule akaendesha cherehani mwaka mzima? Ni kaka?"

"Nyamaza!" Baba alipiga meza. "Mali ni yangu!"

Dada aliacha kushona. Machozi yalidondokea gauni la mteja.

Mwalimu aliisukuma karatasi. "Fundi, sitii saini. Mtume, rehema na amani zimfikie, aliombwa na baba mmoja ashuhudie zawadi aliyompa mwanawe. Akamwuliza, 'Wote umewapa kama huyu?' Aliposema hapana, Mtume akakataa kushuhudia dhuluma. Mimi ni nani hata nikubali?"

"Lakini huyu ni mwanamume..."

"Mungu alilijua hilo alipopanga mirathi, na binti bado akampa fungu lake. Wewe unakimbilia kulifuta!"

Kaka alikohoa. "Baba, hata mimi naona haya. Mwaka ule sote tulilishwa na mikono ya dada."

Baba aliinama. Kisha akaichana karatasi. Palepale, mbele ya mwalimu, alimpa kila mtoto cherehani kimoja. Duka akaliacha, lije ligawanywe kisheria siku yake itakapofika. Akamgeukia binti yake mkubwa. "Nisamehe, mwanangu."

Sindano alikuwa bado amenuna. Mwalimu akamwambia, "Hasira yako ilikuwa ya haki, ila mzazi huambiwa kwa adabu. Na ukumbuke: mzazi akiwa hai awape wanawe sawasawa, akishakufa, Mungu ameshagawa. Hila ya kumnyima mrithi ni dhuluma, hata ikiandikwa kwa mwandiko mzuri."