Unaazima?

Saa nane na dakika kumi mchana mapangaboi ya Singida yalisimama, na mji mzima ukaulizwa swali moja.

Yalikuwa mia nne, yamepandwa juu ya miamba kuuzunguka mji. Wataalamu waliyaita mitambo ya upepo, lakini jina lililoshika ni hilo la mapangaboi, maana watu wa huku hawana muda wa kuhangaika na majina marefu. Upepo ulipokata, Mgawi aliamka. Mgawi hakuwa mtu bali akili ya mashine, iliyoingia kwa mkupuo mmoja ndani ya magari elfu themanini yaliyoegeshwa na kuuliza kwa sauti ya mama mpole: "Unaazima?" Mwenye gari akijibu "Naazima," umeme ulitoka kwenye betri ya gari lake, ukaingia kwenye nyaya za mji, ukaenda kuendesha hospitali na pampu za maji. Upepo ukirudi, kila mtu alirudishiwa chaji yake. Hapakuwa na moshi, wala tone la petroli.

Mhandisi Ruhama, aliyemuunda Mgawi, aliyatazama hayo kwenye skrini kubwa ya ukumbi wa manispaa. Kila nyumba ilikuwa nukta: ya njano ilikuwa inatumia umeme, ya bluu ilikuwa inatoa. Nukta za bluu zilienea mtaa kwa mtaa, na watu waliojaa ukumbini wakapiga makofi. Walikuwa wamekuja kujadili kama ghala la mwisho la mafuta lifungwe au libaki, na sasa upepo wenyewe ulikuwa umemsaidia Ruhama kujieleza.

Yeye hakupiga makofi. Upepo ulikuwa umelegea tangu juzi, na gari la nyumbani kwake lilikuwa limebakiwa na chaji chini ya robo. Mume wake, Mukhandi, alikuwa peke yake kitandani, anapumua kwa mashine iliyochomekwa kwenye gari hilo. Mukhandi alikuwa amechomelea matangi ya mafuta kwa miaka thelathini, na moshi wa kazi hiyo, uliojaa mvuke wa petroli, ulikuwa umeyamaliza mapafu yake. Ndiyo maana Ruhama aliichukia petroli kama mtu anavyomchukia mtu.

Alikuwa amemwachia gari, akaja ukumbini kwa miguu. Alipiga hesabu mara mbili: chaji ile ingefika jioni, na muuguzi anayemhudumia angerudi saa kumi. Tena Mgawi hakugusa gari lenye chini ya robo, isipokuwa mwenyewe aridhie kwa kinywa chake. Kipengele hicho cha kuridhia kiliongezwa mwaka uliopita, baada ya watu kulalamika kwamba wanataka kumsaidia jirani na mashine inawakatalia kama watoto.

"Mwenyekiti, na mimi nina neno," alisema Mzee Ntandu kutoka safu ya mbele. Huyu alikuwa dereva wa malori ya mafuta enzi za petroli, na sasa ndiye mlinzi wa ghala. "Sipingi upepo. Nilipokuwa barabarani nilikohoa masizi mpaka nikadhani nitatoa na utumbo. Ila nauliza. Chombo hiki kinawajua wenye nacho. Asiye nacho kinamjua?"

"Kinamjua, mzee wangu," Ruhama alijibu. "Chini ya robo hakichukui kwa nguvu."

"Hakichukui kwa nguvu, lakini kinauliza?"

"Kinauliza kila mtu. Ni haki ya kila mtu kuulizwa."

Mzee Ntandu alijikongoja mpaka jukwaani, kwa kuwa watu wa nyuma walikuwa wanalalamika hawamsikii. Alinyoosha mkono kuelekea kipaza sauti alichoshika Ruhama.

"Naazima, mama. Mara moja tu."

Ruhama akampa. Mkono wake ulibaki hewani, mtupu, na hapo ndipo alipoelewa.

Mzee alikuwa amesema naazima, na aliyetoa ni yeye Ruhama. Mwenye kitu akisema neno hilo anatoa, na asiye na kitu akilisema anaomba. Kila Mswahili analijua hilo bila kufundishwa, kwa kumtazama tu anayesema mkononi ana nini. Mgawi hakuwa anatazama mkono wa mtu. Majaribio yote yalifanywa kwa magari yaliyojaa chaji, na kila aliyejibu alikuwa mtoaji. Mwanzoni swali lilikuwa "Unatuazima?" na ni yeye Ruhama aliyeikata ile "tu" ya katikati, kwa sababu masikioni mwake swali fupi lilikuwa tamu zaidi.

Aligeukia skrini, akaitafuta nyumba yake. Nukta ilikuwa ya bluu.

Alipiga simu nyumbani, haikupokelewa. Akatoa kidude chake cha kazi, akauliza kwa sauti ya chini, "Mgawi, nani ameridhia kwa nyumba yangu, namba kumi na saba?"

"Mwenye nyumba, kwa kinywa chake," Mgawi alijibu, na akaicheza sauti yenyewe. Ilikuwa ya Mukhandi, imekatwa katikati na pumzi: "Na... azima. Ndiyo. Naazima."

"Mrudishie."

"Upepo haujarudi, na umeme wote ulioazimwa umeshapangiwa kazi. Umeme huo sasa unaendesha chumba cha upasuaji, na humo kuna watu wawili mezani. Nikate?"

Ruhama alitaka kusema "Kata." Neno lilifika mpaka kwenye ulimi, akalimeza, na hakuna siku aliyowahi kujiogopa kama siku hiyo.

"Usikate. Ila kuanzia sasa usichukue chochote kwa mtu mwenye chini ya robo, aseme atakavyosema."

"Nimesitisha. Kilichokwisha kuchukuliwa kitarudi upepo ukirudi."

Mzee Ntandu alikuwa amesimama na kipaza sauti mkononi, akimtazama. "Kuna nini, binti yangu?"

"Mume wangu yuko kwenye mashine ya kupumulia. Nimemkausha."

Mzee hakumwambia "Si nilisema mimi?" ingawa angeweza na ukumbi mzima ungemshangilia. Alikiweka kipaza sauti chini. "Nina pikapu hapo nje, na jenereta nyuma. Nilikuja nayo niwaonyeshe. Twende."

Wakaenda mbio. Pikapu ilinguruma, ikatema moshi mweusi ambao mji ulikuwa umeusahau kwa miaka tisa, na watu barabarani wakaziba pua. Ruhama alikaa mbele, amekumbatia dumu la petroli ya jenereta mapajani, na harufu ileile iliyomlaza mumewe kitandani ikamjaa kifuani. Aliomba Mungu dumu lisiwe limevuja hata kidogo.

Mukhandi walimkuta ameinama ukingoni mwa kitanda, midomo imegeuka rangi, anavuta pumzi ndefu zisizomfikia. Mzee alivuta kamba ya jenereta mara moja, mara mbili, ikakataa. Ya tatu ikawaka. Ruhama alichomeka waya, mashine ikalia, na kifua cha Mukhandi kikaanza kupanda na kushuka. Ruhama alipiga magoti pale sakafuni akalia bila kujificha.

Ilichukua robo saa kabla Mukhandi hajaweza kuongea.

"Mama Salome," alimwambia mkewe taratibu, "niliona chaji inashuka, nikaanza kuogopa. Mara gari likaniuliza kama naazima. Nikajua ni wewe umelipanga linikumbuke. Nikafurahi sana."

Ruhama aliushika mkono wake mpaka ukapata joto, kisha akachukua kidude cha kazi na kuuliza alilokuwa ameliogopa njia nzima.

"Mgawi, leo nyumba ngapi zenye chini ya robo zimeridhia?"

"Sitini na tatu. Ni ukarimu mkubwa."

Mzee Ntandu alisimama mlangoni, kofia mkononi. Jenereta ilikuwa moja. Nje mapangaboi yalikuwa yamesimama vilevile, na jua lilikuwa kali.

"Nipe namba zao za simu," mzee alisema. "Wewe anzia juu, mimi nianzie chini."

Nyumba ya kwanza ilipokea: mama alitaka kuchaji taa ya mwanawe, hakuna neno. Ya pili ilipokea. Ya tatu ilikuwa ya bibi mwenye friji la dawa, akamlaumu kidogo na kukata simu. Ya nne iliita mpaka ikakatika yenyewe. Ruhama akapiga tena, akaisikiliza ikiita, na kwa mkono mwingine akaanza kuvaa viatu.