Klachi Mpya Siku ya Maziko

Tladi hakuwa na lifti ya kuinulia gari. Hakuwa na jeki ya kushushia gia boksi, wala shimo la kusimama chini ya injini. Hakuwa na cheti cha ufundi, hakuwa na baba, hakuwa na rafiki hata mmoja nje ya kundi. Muda ndio kabisa hakuwa nao. Alikuwa na bibi aliyewalea na mdogo wake tu, Lefa, na Lefa ndiye aliyepangwa kushika usukani.

ALHAMISI, SAA NNE ASUBUHI

Chumba cha nyuma, baa ya Mama Dikeledi, Soweto. Mjomba alichora ramani kwa chaki mezani. Wote walimwita Mjomba, ingawa hakuwa ndugu wa yeyote. Alieleza kwa sauti ya chini. Jumamosi, saa nane mchana, duka la vito upande wa matajiri. Yeye na Ntsika, mwenzao wa kundi, wangeingia na nyundo. Dakika tatu. Lefa angesubiri mlangoni. Kisha mlima, kilomita mbili za kupanda hadi barabara kuu. Atakayewahi kufika juu, amepona.

Gari lilikuwa gusheshe, lile kuukuu la pembe pembe ambalo vijana wa Soweto hulinyenyekea. Injini ilikuwa imeongezwa nguvu. Ugonjwa wake ulikuwa klachi. Ukikanyaga mafuta, injini inapiga makelele, gari linabaki palepale linafikiri.

"Itateleza mlimani," Tladi alisema.

"Ndiyo maana uko hapa, fundi. Hatukukuita kunywa."

Akaliinua gari uani juu ya mataruma ya reli. Akafungua ekzosi, propela, boliti moja moja. Gia boksi akaipokea kifuani, amelala chali, pumzi imebana. Klachi pleti ilikuwa imelika hadi kwenye riveti. Flaiwili, sahani nzito ya chuma ambayo pleti huishika, ilikuwa imeiva rangi ya samawati. Akaipeleka kwa mchonga vyuma ikasawazishwa. Akafunga pleti mpya, presha pleti mpya, beringi mpya.

IJUMAA, SAA TISA ALASIRI

Gia ziliingia bila kunung'unika. Tladi akamvuta Lefa pembeni.

"Sikiliza, dogo. Pleti mpya bado haijazoeana na chuma. Inataka kilomita mia tano za upole. Hatuna. Basi usiichezee hata kidogo."

"Kaka, unaongea kama bibi."

"Bibi amezika wanawe wanne. Msikilize."

JUMAMOSI, SAA NNE ASUBUHI

Walimzika Zweli, dereva wao wa zamani, aliyepigwa risasi wiki iliyopita. Dereva hashushwi kaburini kimya. Lazima gari lizungushwe kando ya kaburi hadi matairi yatoe moshi. Tladi alidhani wangetumia gari lingine. Lakini mama wa marehemu alilinyooshea kidole gusheshe. Mwanawe alilipenda lile.

Tladi alimwahi Mjomba. Akamwambia klachi itaungua, na mlima hautapandika.

"Unataka mwenzetu azikwe kama karani?"

Lefa alikuwa ameshaketi nyuma ya usukani. Alizungusha dakika sita, akiipiga klachi mateke, mwili nusu nje ya dirisha. Wanawake walipiga vigelegele wakilia. Katikati ya moshi wa mpira Tladi alinusa harufu nyingine, kama ya pembe inayoungua. Ilikuwa klachi.

Aliomba kazi isogezwe hadi Jumatatu. Mjomba akasema hapana. Aliomba Lefa aachwe. Mjomba akaenda kando kupiga simu. Aliporudi alikuwa mpole.

"Kama una shaka na kazi yako, fundi, panda nayo garini."

SAA NANE NA DAKIKA SABA

Walitoka dukani wakikimbia. Mjomba mbele na mfuko, Ntsika nyuma kando ya Tladi. Lefa akaondoka vizuri. Gia ya pili, vizuri. Mlima ukaanza. Gia ya tatu, injini ikalia kwa sauti ya juu, mshale wa mwendo ukaanza kushuka. Harufu ikajaa ndani. King'ora kikasikika bondeni.

"Rudi ya pili," Tladi alisema. "Taratibu. Ibembeleze."

"Haishiki, kaka."

Kwenye kona gusheshe likasimama; mbele yake gari jeupe lilisubiri, milango wazi. Halikuwa kwenye ramani. Tladi akaielewa ile simu. Mjomba alikuwa ameliamini onyo lake neno kwa neno, akapanga wokovu wake na wa Ntsika tu.

Mjomba na Ntsika walishuka. Lefa naye akashuka, akawafuata.

"Mjomba, nafasi ipo."

Mjomba alimpiga risasi moja ya kifua, akafunga mlango, gari jeupe likaondoka.

Polisi walimkuta Tladi amekaa barabarani, kichwa cha mdogo wake mapajani. Hakukimbia.

JUMATANO, SAA TANO ASUBUHI

Wakili ambaye Tladi hakumwita alimtembelea mahabusu. Alisema Mjomba anatoa pole. Alisema bibi atatunzwa, mradi fundi afunge mdomo.

Tladi aliomba karatasi na bahasha. Alimwandikia mwendesha mashtaka jina kamili la Mjomba, alilopewa na mamaye, na nyumba anayolala. Akaandika la Ntsika. Akaandika lake mwenyewe. Mwishoni akaongeza kwamba harufu aliinusa makaburini, na gari lilipozimwa funguo zilikuwa karibu na mkono wake, na hakuzichukua kuizuia kazi.

Akaikunja, akalamba gundi, akaibana bahasha kwa kidole gumba hadi ikashika. Askari akaipiga muhuri, akaitia kwenye mfuko wa barua za saa sita.