Fulana Iliyojua Samasoti

Kwanza fulana ilikaza misuli ya tumbo la Minza, kisha ikamrudisha kichwa nyuma, na kabla hajaamua lolote ziwa lilikuwa juu na mbingu chini. Akazunguka, kiti kikatua, bawa likaendelea kukata maji.

"Samasoti kamili," ilisema boti iliyokuwa ikimvuta. Haikuwa na nahodha. Ilijiendesha yenyewe kati ya maghorofa yanayoelea ya Mwanza Mpya, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko ya mtu yeyote.

Kiti-bawa kilikuwa chombo rahisi: kiti juu ya mlingoti mmoja wa chuma, na bawa dogo chini ya maji. Mpandaji alifungwa mkanda mapajani, akashika mpini wa kamba, na boti iliposhika kasi bawa lilimnyanyua akaelea juu ya mawimbi akiwa ameketi. Kujifunza kupinduka nacho hewani kuliwachukua watu miaka. Minza, mhandisi wa neva, alikuwa ameibuni fulana-mwalimu ili kuwachukue dakika chache. Nyuzi zake zilinakili mwendo wa misuli ya bingwa mmoja na kuupitisha katika misuli ya yeyote aliyeivaa. Ingezinduliwa kesho. Baadaye zingefuata fulana za wapasuaji, za wapiga ngoma, za waashi. Minza aliamini kwa moyo wote kwamba hakuna mtoto ambaye angekosa tena ufundi kwa kukosa mwalimu.

Hata hivyo hakuwa ametulia. Asubuhi ile alikuwa ameshika kikombe cha chai, na mkono ukabaki pale pale mezani, kana kwamba unasubiri kuambiwa unyanyue.

Bingwa aliyenakiliwa aliitwa Shija. Alikuwa ameketi botini, uso nyuma, kama enzi zile kila boti ilipotakiwa kuwa na mtazamaji wa kumwangalia anayevutwa. Siku hizi kamera zilitosha. Shija alikuja tu.

"Umeiona?" Minza aliuliza boti ilipopunguza mwendo.

"Nimejiona. Hata mguu wangu wa kushoto unaochelewa umeuiba."

"Basi zamu yako. Nioneshe ya kwako bila fulana, niilinganishe."

Shija akatazama maji. "Mgongo unauma."

"Jana lilikuwa goti."

"Nazeeka kwa awamu, dada mhandisi."

Minza hakucheka. "Shija, mara ya mwisho ulipinduka lini?"

Akawa anaikunja na kuikunjua ncha ya kamba. "Kabla hamjamaliza kuninakili. Miezi ile yote mlikuwa mkinivalisha hiyo fulana, mnanirudishia mwendo wangu mwenyewe ili mpime kama uko sawa. Sasa nikifika kwenye wimbi mwili unangoja fulana. Nazama kama tofali. Nilidhani itapita."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa na furaha sana."

Minza akakumbuka kikombe. Akafungua vifungo vya fulana kimoja kimoja, akaitupa botini.

"Nifundishe kwa mdomo."

"Utaumia."

"Najua."

Mara ya kwanza ziwa lilimpiga kibao cha shavu. Mara ya pili alinywa maji mengi, akaibuka akikohoa. Shija alikuwa amesimama, amekasirika kama mwalimu wa kweli.

"Unawahi. Bawa halijatoka majini, wewe umeshageuka. Sema 'bado'."

"Niseme?"

"Kwa sauti. Bado, bado, mpaka usikie maji yamenyamaza chini yako. Ndipo unatupa kichwa nyuma, mpini umeubana kiunoni. Mimi nilisema kila mara. Hukusikia?"

Minza alikuwa amesikia, bila kuelewa. Katika nakala za mwanzo kulikuwa na mtikisiko wa koo na kifua kabla ya kila samasoti. Ulichafua michoro yake ya misuli, naye akausafisha mchana mmoja, akijisifu. Kungoja kote kulikuwa mle ndani.

"Niliufuta," alisema. "Nilidhani ni kelele."

Shija akavua viatu.

"Fulana irudishwe kituoni ichajiwe kwa uzinduzi?" boti iliuliza.

"Hapana. Wajulishe kesho hakuna uzinduzi."

"Sababu?"

"Nimeondoa kitu ambacho sikupaswa kukiondoa. Waambie hivyo hivyo, jina langu likiwemo."

Walibadilishana nafasi, Shija akajifunga mkanda mapajani. Minza akaketi mahali pa mtazamaji, uso nyuma. Boti ikashika kasi, kiti kikanyanyuka, wimbi likakaribia. Aliuona mdomo wa Shija ukisogea, na bila kuamrishwa na chochote mdomo wake mwenyewe ukasogea nao.

Shija alitoka majini, akapinduka nusu, akaanguka kwa mgongo kwa kishindo kilichowafanya watu wafungue madirisha ya ghorofani. Minza akasimama. Viputo tu. Kisha kichwa kikatokea, pua inatiririka maji.

"Umeona?"

"Nimeona. Nusu."

"Nusu," Shija alisema, akiutafuta mpini wa kamba, "lakini ilikuwa yangu."