Kona Iliyolimwa Maharage

Kila asubuhi, kabla kengele haijagongwa, wanafunzi wa Shule ya Msingi Kirimeni hufagia mazingira na kumwagilia maua. Herieth wa darasa la sita alikuwa anamaliza eneo lake mapema kuliko wote, na si kwa kupenda usafi. Akimaliza alipata nafasi ya kupiga mpira kidogo. Alikuwa nahodha wa timu ya wasichana, na mguu wake wa kushoto ulijulikana mpaka kule bondeni, mji wa Kwa Sadala.

Uwanja wenyewe ndio uliokuwa mtihani. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro ardhi tambarare hutafutwa kwa tochi, na hiyo waliyoipata ilikuwa na kasoro. Kona ya chini upande wa kushoto haikuwapo. Mahali pake palikuwa na kishamba cha maharage cha Bibi Anyesi, kimezungukwa na masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachagga huipanda mipakani. Mpira ukiangukia humo, mchezo ulisimama mpaka mtu aingie kwa adabu na kuutoa.

Fainali ya shule za kata ilikuwa ichezwe hapo Jumamosi. Siku ya Jumatano afisa michezo akaja kukagua. Akauzunguka uwanja, akaguna.

"Uwanja wenye kona tatu sijapata kuuona," alisema. "Mkiurekebisha kabla ya Ijumaa mchana, sawa. La sivyo mtateremka kwa wapinzani wenu."

Herieth alikasirika mpaka machozi yakamlengalenga. Mwaka uliopita waliteremka huko Kwa Sadala, wakazomewa na uwanja mzima, wakafungwa. Mwaka huu alitaka kucheza nyumbani, mbele ya watu wake, na kishamba cha bibi mmoja ndicho kilichomzuia. Tena maharage yalikuwa yameshavunwa. Palibaki udongo mtupu na masale.

Mwalimu Gladness, aliyewafundisha michezo, alikwenda kuzungumza na Bibi Anyesi. Alirudi amekunja uso.

"Amekataa. Anasema masale yale mimi siwezi kuyang'oa, wala yeye."

"Wala yeye, Mwalimu? Kwani si yake?"

"Ndivyo alivyosema. Nami nilikuwa na haraka, sikumwuliza zaidi."

Jioni Herieth alimkuta babu yake, Mzee Kalisti, akimkatia ng'ombe majani ya migomba.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mbona umevimba?"

"Uwanja ni wa shule, Babu. Yule bibi ameupora."

Panga la babu likasimama. "Masale yale hayaguswi. Kaa hapa nikueleze."

"Nina kazi ya shule," Herieth alijibu, akaingia ndani. Hakuwa na kazi yoyote. Alikuwa amechoka kusikia neno hapana, na aliona wazee wana maneno mengi pale wasipotaka kutoa kitu.

Alhamisi kulipopambazuka alichukua jembe akaenda uwanjani peke yake. Masale yana mizizi mibishi, lakini hasira ilimpa nguvu. Aliyang'oa yote, akayatupa katika mfereji wa maji, akasawazisha udongo kwa miguu. Kisha akarudisha jembe nyumbani, akavaa sare na kuja shule pamoja na wenzake.

Bibi Anyesi alifika wakati wa gwaride. Alitazama kishamba chake, akaketi pale pale kwenye udongo na khanga yake safi. Hakupiga kelele wala hakumlaumu mtu. Herieth alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa ukimya ule.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Melkior, aliuliza nani amefanya jambo hilo. Ndipo mlinzi akasema kwamba alfajiri, alipokuwa akifungua lango, alimwona Violet akipita na panga. Violet alikuwa golikipa wa timu. Kila Alhamisi ilikuwa zamu yake ya kumkatia majani ng'ombe wa shule, na panga lilikuwa la kazi hiyo.

"Si mimi, Mwalimu. Nilikwenda kukata majani," Violet alisema.

"Nenda nyumbani ukamlete mzazi. Na timu uisahau kwanza."

Violet aliondoka akilia. Herieth alijiambia kwamba mambo yatapoa yenyewe. Hayakupoa. Saa kumi mazoezi yalianza, na msichana aliyewekwa golini aliukimbia mpira badala ya kuukamata. Wachezaji wakaanza kugombana. Herieth alipiga kona kutoka ile kona mpya, mpira ukapaa nyuma ya goli. Kona aliyoililia mwaka mzima alikuwa nayo, na haikumfurahisha hata kidogo.

Nyumbani alishindwa kula. Alimwendea babu yake akamwambia yote bila kuficha. Babu alikasirika kweli kweli.

"Jana nilikuambia ukae," alisema. "Sasa utakaa. Wakati wa Vita vya Kagera, uwanja ule haukuchezewa mpira. Juu, mgambo walijifunza kwata, wameshika fimbo badala ya bunduki. Chini tuligawana vipande, kila nyumba ikapanda maharage ya kuwapelekea askari. Kila mtu alipanda masale kwenye kipande chake, tukakubaliana kwamba vita vikiisha, aliyepanda ndiye atakayeng'oa, uwanja urudi."

"Vita viliisha, Babu."

"Viliisha. Tukaja mmoja mmoja, tukang'oa. Mimi pia. Lakini kipande cha kona alikipanda Wenseslaus, mume wa Anyesi, kisha akaitwa vitani. Hakurudi, na kaburi lake hatulijui. Kijiji kizima kikasema, kile kipande kibaki. Anyesi hakupora kitu. Tulimwachia sisi."

Herieth alilia. Babu hakumbembeleza. Alikwenda kihambani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, akarudi na jani la sale, akalifunga fundo. Kwa Wachagga, aliyekosa huomba samahani kwa jani hilo, na aliyekosewa akilipokea, ugomvi umekwisha.

"Kesho unaanza shuleni, maana mwenzako anateseka kwa ajili yako. Kisha tutakwenda kwa Anyesi."

Ijumaa, mbele ya gwaride zima, Herieth alisema, "Masale nimeyang'oa mimi. Violet hana kosa." Mwalimu Melkior alimwomba Violet radhi hadharani, akamrudisha kwenye timu. Herieth alivuliwa unahodha na kuondolewa kwenye fainali.

Kisha Herieth na babu yake wakaenda kwa Bibi Anyesi, naye akalipokea lile jani.

"Umeniumiza, mjukuu wangu. Jani nimelipokea, lakini umeniumiza. Nenda ukayaokote, uyarudishe ardhini."

Herieth na babu waliyaopoa masale katika mfereji mzima. Herieth akachimba mashimo, akapanda sale moja moja, huku Bibi Anyesi akimwonyesha lilikokuwa kila moja. Walipomaliza, muda uliowekwa na afisa michezo ulikuwa umepita, na uwanja ulikuwa na kona tatu tena. Fainali ikachezwa Kwa Sadala. Herieth alibeba maji ya wenzake, akamtazama Violet akidaka mpira baada ya mpira, na timu ikafungwa bao moja ambalo, kwa uchungu, alijua mguu wake ungelirudisha.

Baada ya wiki chache masale yalichipua. Bibi Anyesi akaja shuleni, akamwita Herieth na Mwalimu Gladness pale konani.

"Aliyepanda ndiye anayeng'oa," alisema. "Mume wangu hayupo. Lakini haya yaliyopo sasa umeyapanda wewe, kwa mkono wako, nami nikisimamia. Nimechoka kuona watoto wakiingia humu kwa kunyata. Wenseslaus mwenyewe alikuwa mchezaji. Yang'oe, uyapande kule mbali nyuma ya goli, mpira usikofika."

Herieth hakulishika jembe. "Bibi, una hakika?"

"Leo umeuliza," Bibi Anyesi alisema, akakaa pembeni kumsubiri.

Herieth aliyang'oa polepole, akiyabeba machache machache. Mwalimu Gladness alimtazama, kisha akawageukia wanafunzi waliokusanyika.

"Mnaona? Mimi nilikwenda kwa haraka, sikuuliza. Herieth aliambiwa akae, hakukaa. Ndiyo sababu fainali tuliichezea ugenini. Kitu cha mtu kina habari yake. Isikilize kwanza, ndipo uombe, na ukikosea, sema mwenyewe kabla mwenzako hajaadhibiwa kwa kosa lako."