Kelele ya Pili ya Kigari Namba Nne

Mzee mkata nyasi alikutwa chini ya mteremko wa shimo la nane, umande haujakauka. Alikuwa amelala kifudifudi, mguu mmoja umepinda mahali ambapo mguu haupindi, fyekeo lake liko kando. Aliyemkuta ni mkwewe mwenyewe, fundi wa vigari vya klabu ya gofu, na matatizo ya fundi yakaanzia hapo, kwa sababu alifika pale akiendesha kigari.

Inspekta alipofika, mzee alikuwa ameshakimbizwa hospitali na klabu nzima imeshahukumu. Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo asiye na haraka, na hakuna kilichomuudhi kama kesi iliyoletwa mbele yake ikiwa imeshapikwa na kupakuliwa. Akachuchumaa. Alama za magurudumu zilikuwa zimepandana, huwezi kujua zipi za kwanza, lakini zilimpita mzee na kufika hadi kwenye majani yaliyonyolewa kuzunguka shimo. Hapo umande ulikuwa umefutika kwa mistari myembamba, yote ikielekea shimoni. Aliitazama mistari hiyo kwa muda, kisha akaenda gereji.

Fundi alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, mikono imelegea magotini.

"Kigari namba nne ulikichukua saa ngapi?" Inspekta akauliza.

"Saa moja hivi, afande. Nahodha wa klabu alinipa ufunguo pale mapokezi. Akasema kigari kinalia na kinagota chini, nikakizungushe mpaka shimo la nane nijue kina nini, kabla mashindano hayajaanza."

"Kelele hizo ulikuwa unazijua?"

"Kulia nakujua. Mkanda umechoka, wiki nzima kinapiga yowe ukikanyaga mafuta. Kugota nimekusikia leo."

"Na mzee hakulisikia yowe hilo?"

"Nilimkuta tayari yuko chini. Ndicho ninachosema tangu asubuhi, na hakuna anayenisikia."

"Mlikuwa mnasemezana?"

Fundi akatazama sakafu. "Hapana, afande."

Jibu hilo halikumpendeza Inspekta. Mwongo angesema ndiyo, lakini hata mkweli anaweza kumgonga mtu.

Hospitali, mzee alikuwa amefungwa plasta mpaka pajani. Binti yake, mke wa fundi, alisimama kando ya kitanda, macho mekundu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kuniuliza ni nani, sijui. Nilikuwa nimechuchumaa nanoa fyekeo, mteremko nimeupa mgongo. Sikusikia hata jani. Nikajikuta hewani."

"Masikio yako mazima?"

"Nasikia mpaka manesi wakinisengenya huko nje."

Binti hakucheka. "Afande, mume wangu alimwambia baba aache kazi, akapumzike kabla hajapumzishwa. Alisema mezani, mbele ya watoto. Sasa mimi nifikirie nini? Mwambie asikanyage hapa."

Inspekta alimgeukia mzee. "Ulikuwa unanolea nini?"

"Tupa yangu. Malengelenge yalinizidi, huyu akanifungia mpini kwa kitambaa cha bluu, jana jioni tukitoka kula."

Inspekta akavuta kichwani picha ya pale mteremkoni. Fyekeo alikuwa ameliona. Tupa hakuiona.

Alirudi klabuni, akapanda kigari namba nne pamoja na fundi. "Endesha kama siku zote," akasema.

Fundi akakanyaga. Injini ya petroli ikaamka, mkanda ukapiga yowe la kuwageuza watu shingo. Walipofika juu ya mteremko akainua mguu. Injini ikazima, yowe likakatika.

"Kimeharibika?"

"Hapana, ndivyo vilivyoundwa. Ukiinua mguu injini inalala, ukikanyaga inaamka. Mteremkoni kinajiendea chenyewe."

Kilijiendea, lakini si kimya. Chini ya miguu yao ilisikika ko, ko, ko, kila gurudumu lilipopita kwenye bonde dogo.

"Simama," Inspekta akasema. "Kingemjia mzee na kelele hii, angeisikia?"

"Angeisikia toka mbali."

"Basi hakikuja nayo. Kiliiokotea hapa."

Akavua kofia, akalala chali kwenye nyasi mbichi, akaingiza tochi chini ya kigari. Juu ya ekseli ya mbele palikuwa pamenasa tupa, ikipiga chuma kwa chuma. Mpini wake ulikuwa na kitambaa cha bluu.

Fundi akainama kuitazama. "Afande, sasa umeona?"

"Nimeona wakati, sijaona mtu. Ungeweza kuwa wewe vilevile. Usiondoke."

Alipita mapokezi, akaongea kidogo na mhudumu, kisha akaingia ukumbini. Nahodha alikuwa amevaa glavu nyeupe, anajiandaa kwenda kufungua mashindano. Alimkaribisha Inspekta kiti kwa tabasamu la mwenye nyumba.

"Kigari namba nne ulikiendesha lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni. Leo nimempa fundi ufunguo tu. Mhudumu wa mapokezi alikuwepo, muulize."

"Nimemuuliza. Anasema ulitaja kelele mbili."

"Ndiyo. Kinalia, na kinagota chini. Jana yote kilinikera."

"Jana, ulisikia kugota? Isije ikawa ni mkanda tu."

"Inspekta, nimeendesha vigari hivi miaka mingi. Ule mgoto ni chuma kwa chuma."

Inspekta akaweka mezani mfuko wa plastiki. "Chuma chenyewe hiki. Jana jioni kilikuwa nyumbani kwa mzee, binti yake anakifungia kitambaa. Kimeingia chini ya kigari leo, mzee alipogongwa. Kelele uliyompelekea fundi ilikuwa haijazaliwa jana."

Nahodha aliitazama tupa. Tabasamu lilikuwa limemkauka usoni.

"Pale shimoni umande umefutwa na mipira," Inspekta akaendelea. "Fundi hachezi gofu. Na mhudumu ameniambia kuwa anayefanya mazoezi uwanjani asubuhi ya mashindano anafutwa mashindanoni."

Nahodha akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja. "Kila mwaka nakuwa wa pili," akasema. "Nilishuka mteremko mguu juu. Nilidhani nimekanyaga lundo la nyasi. Nikapiga mipira yangu. Wakati wa kurudi ndipo nikamwona, hatikisiki. Nilijua nikifungua mdomo nimekwisha."

"Ukausikia mgoto, ukapata kisingizio. Ukamtuma mkwewe akamkute."

Nahodha akaziweka glavu mezani.

Mke wa fundi, aliyeitwa kuja kuitambua tupa, alikuwa amesimama mlangoni na alisikia yote. Alifika mezani, akakigusa kitambaa cha bluu juu ya plastiki.

"Ni yenyewe. Baba ataiulizia."

"Atarudishiwa kesi ikiisha," Inspekta akasema.

Mwanamke akatoka mpaka gereji. Fundi alikuwa bado amekalia ndoo yake, na alipomwona alisimama kama mtu anayengoja kufukuzwa. Mkewe aliona haya, na haya hiyo ilimuuma kuliko hasira ya asubuhi.

"Nilikudhania vibaya," akasema. "Nawa mikono. Tupite dukani tumnunulie baba tupa nyingine, utampa wewe mwenyewe."

"Atanipokea?"

"Sijui. Twende."