Hema la Gari la Kijani

Simu ilimtetemekea Spana kifuani akiwa amelala uvunguni mwa gari, grisi imempanda mpaka viwikoni.

"Mizigo ya harusi imefika," ilisema sauti.

"Ishushwe wapi?"

"Hapo hapo karakana. Siku nne."

Alikuwa Mkuu wa Idara. Mizigo ya harusi maana yake kazi ya siri mpakani. Siku nne maana yake siku nne.

"Gari?"

"Hilux, milango minne. Liko njiani. Liandae kwa siku kumi za kusafiri na kupiga kambi pasipo barabara. Wasafiri wawili, mume na mke, wako kwenye fungate."

"Mume ni nani?"

"Maridadi."

Spana alikunja uso. Maridadi alikuwa jasusi mwenzake, mrefu, wa kutoka kwenye mapambano na shati bado limenyooka. Walianza kazi mwaka mmoja. Maridadi alikuwa na medali mbili. Spana alikuwa na karakana.

"Na mke?"

"Mkeo," alisema Mkuu, akakata simu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mtu mmoja wa nje aliyejiita Kapteni alikuwa akiongoza misafara ya watalii wa kupiga kambi, magari sita kwa mpigo, kukatiza nyika mpaka kwenye ziwa lililokauka karibu na mpaka. Idara ilikuwa na uhakika kwamba safari hii, katikati ya majiko na magodoro, kulikuwa na makombora matatu ya kurushwa begani. Siku ya nne ya safari ndege ya wajumbe wa amani ingepita juu ya lile ziwa. Kapteni alitaka isipite.

Gari lipi kati ya sita lilibeba makombora? Hakuna aliyejua. Kulitafuta ndiyo ilikuwa kazi ya maharusi.

Mke wa Spana alikuwa mpelelezi hodari kuliko wanaume wote wawili, na Spana ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema hilo. Kazi yake hakuionea wivu hata kidogo. Alivionea wivu vyote vilivyoizunguka.

Lakini gari alilifunga, tena alilifunga vizuri, hilo hakuna wa kumnyima. Aling'oa springi za nyuma, akaweka nzito. Akavisha matairi mapana ya mchangani. Akafunga kompresa ya kujazia upepo na betri ya pili kwa ajili ya friji. Tangi la maji la lita sitini alililaza sakafuni nyuma ya viti vya mbele, kwa sababu kizito hukaa chini na katikati. Juu ya paa ni mahali pa hema, basi. Kwenye bodi aliweka droo mbili za mbao. Moja ya jiko na sufuria. Ya pili ilikuwa na sakafu ya uongo, na chini yake Glock mbili na simu ya setilaiti.

Hema ndilo lililomtoa jasho.

Duka lilileta la watu wawili. Alilipima kwa futi mara tatu, akalirudisha.

"Nataka pana zaidi," alimwambia muuzaji.

"Pana zaidi ni la watu watatu. Wako wangapi?"

"Wawili."

"Wanene?"

"Hawajazoeana," alisema Spana.

Siku ya tatu Maridadi alikuja kukagua. Alipigapiga boneti kama anayempongeza farasi. "Kazi safi, kaka." Mke wa Spana akaingia na begi lake, na Maridadi akampokea. "Karibu, shemeji. Samahani. Mke wangu. Acha tujizoeze."

Mkewe alicheka. Hakikuwa kicheko cha ajabu, ni kile cha mtu anayekwenda kazini na mwenzake. Spana alikihesabu sekunde. Zilikuwa nne, na kwake nyumbani hakuwa amepata hata mbili tangu mwezi uliopita.

Jioni Mkuu alitoa amri za mwisho. Ndani ya chasisi kulikuwa na kifaa cha Idara, kinachotuma mahali lilipo gari mara moja kila saa sita, kwa sekunde moja tu. Sababu ilikuwa moja. Kila asubuhi, saa moja, Kapteni hupita gari kwa gari na mashine ya kunusa mawimbi.

"Kikipatikana kitu kingine kinachotoa mawimbi, wanakufa wote wawili," alisema Mkuu. "Nimeeleweka?"

"Umeeleweka," alisema Spana.

Alimwelewa kabisa. Na bado, kesho yake asubuhi, wakati mkewe anaoga, alipanda ngazi ya hema, akafumua pembe ya godoro, akaingiza kidude alichonunua kwenye duka la pembejeo. Ni kile ambacho wafugaji humfunga ng'ombe shingoni. Kila baada ya dakika kumi kinaarifu kwa setilaiti mnyama yuko wapi, na kama amesimama, anatembea au amelala.

Alijua ni upumbavu. Wivu ulikuwa umemzidi na hakuona dawa nyingine. Alilishona lile godoro kwa nyuzi mbili.

Siku mbili Spana aliufuata msafara kwa mbali, kilomita arobaini nyuma, ndani ya Land Cruiser kuukuu. Hiyo ilikuwa kazi yake halali. Kisichokuwa halali ni ile skrini ndogo aliyoiegesha kwenye dashibodi.

TEMBEA. TEMBEA. SIMAMA.

Siku ya pili asubuhi mashine ya Kapteni ilipita katikati ya zile dakika kumi, ikakikosa. Saa moja na robo jioni: LALA.

Mapema yote hiyo?

Saa moja na dakika ishirini na tano: TEMBEA.

Spana alisaga meno. Pengine mkewe alikuwa anajigeuza tu. Pengine ulikuwa upepo. Pengine.

Siku ya tatu, saa moja na dakika tano asubuhi, skrini ilizimika.

Saa moja ndiyo saa ya Kapteni na mashine yake. Akavuta redio.

"Spana kwa Kituo."

"Kituo. Sema."

"Wamegundulika. Tuma helikopta."

"Umejuaje?" Mkuu hakupandisha sauti. "Kifaa chetu kitatuma saa sita mchana."

Spana alifungua kinywa. Ukweli ungemaliza kazi yake hapo hapo. Ukimya ungemmaliza mkewe.

"Nimeona moshi kambini," alidanganya.

"Helikopta itachukua saa mbili. Baki hapo ulipo."

"Sikupati vizuri, Kituo."

Alikanyaga mafuta.

Baada ya nusu saa redio ya gari ilianza kukoroma. Alikuwa ameusogelea msafara kiasi cha kunasa mazungumzo yao. Kitu cha kwanza alichosikia ni wanaume wakicheka.

"Cha ng'ombe, nakuapia. Amemfunga mkewe kidude cha ng'ombe."

"Si angemvisha na kengele kabisa."

Kisha sauti ya mkewe. Hai. Spana nusura aingize gari shimoni.

"Mwanamume mzima," alikuwa akisema, kitufe cha redio hajakiachia, msafara mzima ukisikia, "unanunua kidude cha ng'ombe, unanishonea kwenye godoro? Mimi nimekuwa mfugo wako? Ningetaka kukuficha kitu ungeona wapi wewe?"

"Mke wangu, nisamehe." Huyo alikuwa Maridadi, mnyonge kabisa. "Nakuonea wivu. Nakuonea wivu mpaka naumwa. Sijui nifanyeje."

Spana aliushika usukani kwa mikono miwili. Sentensi ile ilikuwa yake. Miaka tisa ya ndoa hakuwahi kuitoa kinywani, na sasa mwenzake alikuwa anaisema vizuri, kwa sauti nzuri.

"Usinisemeshe," alijibu mkewe. "Na usiku wa leo tafuta pako. Mimi nitalala kwenye hema la gari la kijani. Si halina mtu? Tangu tuondoke halijafunguliwa hata mara moja, wenyewe wanalala chini kwenye mkeka."

Kisha Kapteni, kwa ukali: "Mama, kaa kwenye foleni yako. Lile hema ni bovu. Tunaingia ziwani leo hii, hatulali njiani."

Ilitosha. Mke wa Spana alijua mumewe yuko nyuma yao mahali fulani, redio wazi. Ugomvi ulikuwa wa kweli, kila neno, na ndani yake alikuwa amempitishia jibu. Msafara wa kupiga kambi, hema lisilofunguliwa. Makombora matatu na maboksi yake, kilo themanini kwa uchache, yote yamepandishwa juu ya paa. Fundi wa kweli asingethubutu.

Spana alitazama ramani. Kabla ya ziwa kulikuwa na korongo lenye mdomo mwembamba, njia moja ya tambarare na kando yake mteremko wa mchanga uliolala ubavu. Alipita njia ya mkato, akawahi kufika. Akalikingamisha Land Cruiser kwenye tambarare, akafungua boneti, akang'oa gurudumu moja la mbele kabisa.

Magari sita yalitokea na vumbi lao. Kapteni alishuka, miwani usoni, kitu kizito kiunoni chini ya shati.

"Toa gari."

"Bosi, ekseli imekatika. Nipe nusu saa tu."

Kapteni alitazama saa yake, akatazama mteremko. "Tutapita ubavuni. Wewe mwenye ng'ombe, tangulia."

Hilux ilitangulia, mkewe kwenye usukani. Alipita mita moja kutoka pale Spana alipoinama na spana ya magurudumu mkononi. Hakumtazama. Mashavu yake yalikuwa yamevimba kwa hasira. Maridadi, pembeni yake, ndiye aliyemtazama, akampa ishara ndogo ya kichwa, kama mtu na shemeji yake.

Gari liliinama, likashika mchanga, likatoka upande wa pili bila shida. Tangi la maji lilikuwa sakafuni, uzito chini.

Likafuata la kijani.

Lilifika katikati. Paa likaanza kulivuta bondeni. Tairi za juu zikaachana na mchanga, kidogo tu. Hapo dereva angegeuza usukani kuelekea bondeni angepona. Yeye aliogopa, akaugeuza kuelekea mlimani.

Lilianguka taratibu.

Hema lilipasuka, na badala ya godoro yalichomoka maboksi matatu marefu.

Kapteni alitoa bastola. Spana alimpiga kifundo cha mkono kwa spana, bastola ikaruka, na pigo la pili likampeleka chini. Watu wake wawili wakainua bunduki. Risasi tatu zikachimba mchanga kati ya miguu yao.

"Chini wote," alisema mke wa Spana, amesimama kwenye bodi ya Hilux na Glock yake.

Mmoja alilala. Wa pili alijaribu ubishi, na Maridadi akamrukia kutoka ubavuni, wakaporomoka pamoja mpaka chini ya mteremko. Aliyeinuka alikuwa Maridadi, shingo imepinda, shati limenyooka.

Helikopta ilipotua, Spana alikuwa amemfunga Kapteni kwa kamba ya kuvutia magari.

Mkewe alipita karibu naye na boksi moja.

Siku mbili baadaye walikaa ofisini kwa Mkuu, wote watatu. Mkuu alisoma ripoti kwa sauti. Kidude cha ng'ombe, ilisema ripoti, kilitegwa na Maridadi mwenyewe kwa makusudi, kiwe kisingizio iwapo watashukiwa. Kilipopatikana, Kapteni aliwawekea bastola kichwani. Mwanamke alimpiga mwenzake kofi papo hapo, mwenzake akakiri wivu, na wale watu wakaamini kwa sababu hakuna mpelelezi anayeweza kuwa mjinga kiasi hicho.

"Akili ya hali ya juu," alisema Mkuu. "Hii ni medali ya tatu."

Maridadi, shingo ndani ya kola ya hospitali, alitazama dari. Spana alielewa. Mtu ambaye yeye Spana alimchukia kwa miaka alikuwa amemfichia kosa, bure, bila kuombwa. Kilichobaki ni kunyamaza tu.

Mkewe alikuwa dirishani. Alikuwa anamtazama.

"Kidude ni changu," alisema Spana.

Mkuu aliishusha karatasi. "Cha nini?"

"Wivu."

"Walimwekea mkeo bastola kichwani."

"Najua. Nimelala na jambo hilo siku mbili."

"Na moshi?"

"Hapakuwa na moshi."

Mkuu alinyoosha mkono. Spana aliweka funguo za karakana mezani, kisha kitambulisho. Kusimamishwa kazi miezi sita, pengine zaidi. Alifunga vifungo vya koti, akawaaga kwa kichwa, akatoka na hatua zake za kawaida, korido nzima, ngazi, geti. Askari wa getini aliona mtu asiye na presha.

Hilux ilisimama kando yake. Kioo kikashuka. Mkewe kwenye usukani, Maridadi kiti cha mbele.

"Panda," alisema mkewe.

"Mbele pamejaa."

"Shingo yake haimruhusu kuinama aingie nyuma. Mimi ni ng'ombe?"

"Hapana."

"Basi sema."

Spana alimtazama yeye, si Maridadi. "Nakuonea wivu. Naumwa. Na nusura nikuue."

"Huyu alilisema vizuri zaidi."

"Nilikuwa na bastola kichwani, kaka," alisema Maridadi. "Inasaidia."

Spana alifungua mlango wa nyuma, akapanda, magoti yamebanwa na tangi la maji alilolifunga mwenyewe.

"Tunamshusha yeye kwanza," alisema mkewe akiingiza gia. "Wewe bado sijaamua nikushushe wapi."

Spana alivaa miwani yake ya jua, akakunja mikono, akatazama mbele kama abiria mwingine yeyote.